Mbuzi Waliolala kwa Jirani

Siku mliyoniaga pale ofisini mlinitaka niseme neno, nami nikala pilau, nikashukuru, nikakaa. Haikuwa kiburi. Neno nililokuwa nalo lilikuwa refu kuliko subira ya watu waliokwisha kuona kreti za soda. Sasa niko nyumbani Ijuganyondo, migomba inataka kupunguzwa machipukizi na goti langu linakataa kuinama, basi naandika.

Nawaandikia hasa ninyi mnaoanza kazi ya mifugo upande wa Muleba. Mtaingia kwenye miji ya akina mama wazee, mtaona mbuzi bandani, mtauliza ni wa nani, na mwenye banda atawaambia ni wa fulani wa kitongoji cha pili. Mtakwenda kwa huyo fulani, mtakuta mbuzi wengine, naye atasema ni wa yule wa kwanza. Mwenzenu mmoja alinijia amekasirika, anadhani akina mama wanamzungusha. Nilimwambia akae, anywe chai. Hawakuwa wanamzungusha. Walikuwa wanafuata jambo tulilolianza katika miaka migumu, na ningependa mjue lilivyoanza kabla hamjalirekebisha.

Niliingia kazini Bukoba wakati wa vita vya Kagera. Nilitoka chuoni na koti jeupe jipya na imani kwamba nitachanja ng'ombe. Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye shule moja ambako watu waliovuka mto Kagera kukimbilia huku kwetu walikuwa wamejihifadhi. Watu walilala madarasani, na mbuzi wachache waliosalia wakalala nao, kwa sababu mtu aliyemvusha mbuzi wake kwa kumbeba mabegani hakuwa tayari kumlaza kwenye mvua. Mmoja alikuwa amefungwa kwenye mguu wa meza ya mwalimu, anatafuna ramani ya Afrika kwa utulivu mkubwa.

Aliyenipokea ni Mzee Evodius, mchanjaji wa siku nyingi, mrefu na mwembamba, mwenye kofia ambayo hakuivua ila kwa sala ya Malaika wa Bwana na kwa maiti. Alilitazama koti langu akaniambia nilivue. Mbuzi wale, alisema, wamekwisha kuona watu wenye sare na hawakuwapenda.

"Chuoni ulisoma tumbo la ng'ombe," akaniambia. "Hapa tunaanza na tumbo la mwenye ng'ombe."

Siku ile hatukuchanja mnyama hata mmoja, maana dawa haikuwapo. Tulichemsha maji, tukaosha vidonda, tukakata kwato zilizopasuka kwa safari. Mzee Evodius alimkunja mbuzi mguu kama mama anayemkata mtoto kucha, huku anazungumza na mwenye mbuzi kuhusu nyumba aliyoiacha, migomba aliyoiacha, nani alibaki nyuma. Nilidhani anapoteza muda. Jioni nilipata kuelewa kwamba kwato zilikuwa sababu tu ya kukaa karibu na mtu.

Vita vilipokwisha watu walirudi kwao, nasi tukabaki na wilaya yenye mabanda mengi kuliko wanyama. Mnajua kibanja chetu bila samadi kinavyokuwa: migomba inasimama lakini haina nguvu, na mikungu inatoka midogo kama ya mapambo. Kazi yetu ikawa kusaidia watu waanze upya na wanyama wadogo, mbuzi na sungura, ili kibanja kipate samadi na watoto wapate nyama. Hatukuwa na la ziada la kuwaahidi.

Mzee Evodius alikuwa na utaratibu wake, nami nimeufuata mpaka nastaafu. Watu wengi huanza na mnyama. Yeye alianza na majani ya malisho. Ukimwomba mbuzi, alikuambia upande kwanza majani ya Guatemala kando ya kibanja na matete kule bondeni, kisha akaondoka. Akirudi akakuta hujapanda, mliongea habari za hali ya hewa. Akikuta umepanda, mlianza kuongea banda: liinuliwe kutoka chini, sakafu iwe ya fito zinazoachana kiasi cha kupitisha kinyesi bila kupitisha kwato, na ukuta upande wa ziwa, maana mvua yetu huja na upepo kutoka huko. Baada ya hapo ndipo alipoleta majike mawili. Dume lilikuwa la kijiji. Watoto madume aliwahasi mapema kwa koleo, wakue na kunenepa kwa ajili ya sufuria ya nyumbani, na majike hayakuguswa. "Nyama ya familia," alisema, "ni dume uliyemwona akizaliwa. Jike ni shamba. Hakuna mtu anayepika shamba lake."

Tulikosea pia, msidhani kila kitu kilikwenda kwa hekima. Ofisi ilituletea wakati fulani kuku wa kugawia wajane, ili wapate mayai na nyama. Tuligawa kwa furaha. Baada ya miezi nilimtembelea mzee mmoja wa kike aliyeitwa Ma Adventina, nikakuta kuku wake wanene, wamejaa uani. Nikamuuliza kama mayai yanampa nguvu. Akanitazama kwa huruma. Yeye na wenzake wa umri wake hawakula kuku wala mayai tangu kuzaliwa. Ndivyo walivyolelewa, hivyo vilikuwa vyakula vya wanaume. Alikuwa amewatunza kwa sababu serikali ilimwomba, naye hakutaka kuivunja moyo.

"Nilidhani mtakuja kuwachukua, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima.

Huyu Ma Adventina ndiye nitakayemsimulia. Alikuwa mjane, mama wa parokia, mwenye rozari iliyochakaa kuliko jembe lake. Aliishi kati ya Kemondo na Muleba, kwenye mteremko ambao ukiwa juu unaliona ziwa na ukiwa chini unaona migomba tu.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni watu waliuita Juliana, kwa jina la vitambaa vya magendo vilivyopendwa na vijana wa wakati ule, na waliutaja kwa kucheka. Kicheko hakikudumu. Ma Adventina alizika wanawe wawili na wakwe zake, akabaki na wajukuu. Katika miji mingi niliyozoea kumkuta baba, nilianza kumkuta bibi. Na baadaye, katika baadhi, nilimkuta dada mkubwa ambaye bado alipaswa kuwa shuleni. Sitaandika mengi juu ya hilo. Walioyaona hawahitaji, na ninyi mliozaliwa baadaye mna makaburi kwenye vibanja vya kwenu ya kuwaeleza.

Nataka kuwaambia jambo la mbuzi, ambalo halikuandikwa popote. Desturi yetu ni kwamba waombolezaji hawaondoki na njaa. Majirani huleta ndizi na maharage, lakini ukoo wenye msiba hutoa nyama, na mnyama huchukuliwa kwenye banda la karibu, ambalo ni la marehemu. Zamani haikuwa na shida, kwa sababu msiba ulikuja mara moja baada ya muda mrefu, na mabanda yalipata nafasi ya kujaa tena. Sasa misiba ilifuatana. Nilileta majike mawili kwa mjane, yakashika mimba, na kabla ya kuzaa yalikuwa yameliwa na watu waliokuja kumlilia mwanawe. Hakuna aliyekuwa mbaya. Wazee wa ukoo walichinja kwa aibu ya kuona wageni wakila ndizi bila nyama. Lakini watoto waliobaki walibaki na banda tupu, na mimi nilirudi kuanza tena mwanzo, kama mtu anayechota maji kwa kikapu.

Nilimpelekea Mzee Evodius malalamiko yangu. Alikuwa amestaafu, amekaa kwake Kagondo anasuka vikapu vibaya sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama babu yangu alikuwa na ng'ombe. Nikasema alikuwa nao. Akaniuliza walilala wapi. Nikakumbuka kwamba wengine walilala kwa babu na wengine walilala kwa rafiki zake, mmoja huku, wawili kule, na ng'ombe wa hao rafiki walilala kwetu. Ndivyo wazee walivyofanya ili tauni ikiingia kwenye mji mmoja isimalize kila kitu.

"Na nani aliwahi kuchinja ng'ombe aliyewekeshwa?" akaniuliza.

Hakuna. Mali ya kuwekeshwa ilikuwa kitu kitakatifu. Mtu angeweza kulala njaa, ng'ombe wa rafiki yake anacheua pembeni.

Basi tuliwakusanya akina mama wa jumuiya baada ya sala, tukawaeleza. Kila mmoja aweke mbuzi wake kwa mwenzake, na mbuzi wa mwenzake aje kwake. Samadi ni ya anayelisha, watoto ni wa mwenye jike, na dume likikomaa huchinjwa na nyumba zote mbili hula. Wazee wa ukoo wakija kuuliza bandani mna nini, mwenye banda ataweza kusema kwa moyo safi kwamba hawa ni wa kuwekeshwa.

Akina mama walielewa upesi kuliko nilivyoeleza. Mmoja tu aliuliza kama si uongo, na swali lake lilinisumbua, kwa hiyo nililipeleka kwa padre. Padre aliniuliza mbuzi wa bandani kwa Ma Adventina ni wa nani. Nikamwambia ni wa mwenzake. "Na akiulizwa, atasema ni wa nani?" Wa mwenzake. Akaniambia nirudi kazini, kuna watu wenye dhambi wanaosubiri kuungama.

Ma Adventina alibadilishana na Ma Sperancia, mama wa kitongoji cha pili karibu na ziwa. Mume wa Sperancia alikuwa mchuuzi wa samaki, akienda na kurudi visiwani, mpaka aliporudi mara ya mwisho, akaugua, akafa. Sperancia alikuwa kijana bado, mcheshi, na alikuwa na watoto watatu. Alijua ana nini, wote tulijua. Alikuwa akimtania Ma Adventina kwamba mbuzi wake wamepelekwa kwa bibi mwenye sala nyingi, watarudi wanajua litania. Ma Adventina alimjibu kwamba wa kwake wako ufukweni, watarudi wananuka dagaa. Walitembeleana kila Jumapili baada ya misa, wakisema wanakwenda kuangalia mbuzi.

Mpango ulishika. Misiba ilikuja, wazee wa ukoo walikuta mbuzi wa kuwekeshwa, wakarudi nyuma kwa heshima, na watu wakala ndizi na dagaa. Hakuna aliyetuuliza zaidi. Lakini sikuwa nimefikiri jambo moja, na Mzee Evodius naye hakulifikiri: itakuwaje akifa mwenye mbuzi mwenyewe, na si jamaa yake.

Sperancia alifariki wakati wa mvua. Msimamizi wa msiba alikuwa Ta Projestus, mkubwa wa ukoo wa mumewe. Sitaki mumwone vibaya. Alikuwa mzee mwenye sauti nzito na mapenzi ya nyama yasiyofichika. Watu walisema anaweza kusikia mbuzi akichinjwa Kemondo akiwa Muleba. Lakini katika miaka ile alikuwa amewazika watu wa ukoo wake mmoja baada ya mwingine, na kila mara alichinja wa kwake, hadi banda lake likawa limebaki na kamba. Alikuwa amechoka, na hakuwa na cha kuwapa watu waliojaa uani.

Baada ya mazishi alikwenda kwenye banda la Sperancia. Akina mama wa jumuiya waliokuwa wakimenya ndizi walisimamisha visu. Bandani mlikuwa na majike ya Ma Adventina na watoto wao, wote wazuri, manyoya yanang'aa. Ta Projestus aliwatazama kwa muda, akauliza ni wa nani. Akageuka akaniona.

"Bwana Mifugo, wewe ndiye unayewapa dawa. Hawa ni wa marehemu?"

Hapo, wadogo zangu, nilijua ugumu wote mara moja. Nikisema ni wa Ma Adventina, swali la pili lingekuwa: na wa marehemu wako wapi? Jibu lake lingewapeleka vijana wa ukoo moja kwa moja mpaka kwa Ma Adventina, na majike ya Sperancia, mali pekee ya watoto wake, yangeliwa kabla ya giza. Nikinyamaza, ya Ma Adventina ndiyo yangechinjwa, na wajukuu wake wangebaki bila kitu. Nilikuwa nimefungua kinywa, sijui kwa neno gani, Ma Adventina aliposimama kutoka kwenye majani, ana kisu cha kumenyea mkononi na utomvu wa ndizi mpaka kwenye kiwiko.

"Hao ni wangu, Ta Projestus," alisema. "Nilimwekesha Sperancia."

Ta Projestus aliuliza kama ilivyotarajiwa: wa Sperancia wako wapi. Wote tulijua kwamba Ma Adventina angeweza kusema marehemu hakuwa nao. Hakuna mtu wa ukoo aliyejua. Angerudi na wake, akabaki na wa marehemu, na dunia isingesema neno.

"Wa Sperancia wako kwangu. Wote wana mimba. Ukituma vijana sitawazuia, mimi ni mzee. Lakini aliyeniwekesha umemlaza ardhini sasa hivi, na mali hii ameiacha kwa hao." Akaonyesha kwa kisu watoto watatu waliokaa ukutani, wamevaa nguo za Jumapili. "Mimi siwezi kukupa ruhusa. Kawaombe wao."

Mzee wa ukoo haombi ruhusa kwa watoto. Ta Projestus aliwatazama watoto, akatazama umati, akamtazama mbuzi aliyekuwa karibu naye, kwa uchungu ambao ulionekana wazi hata kwa asiyemjua. Kisha alitembea mpaka katikati ya uani na kupandisha sauti.

"Ndugu zangu, leo tutakula ndizi na maharage. Mtu akiona ukoo huu umeaibika, aje aniambie mimi. Anajua kabisa kwamba hapa hakuna anayependa nyama kunishinda."

Wachache walicheka, ingawa ulikuwa msiba. Alikaa chini, akaomba sahani, akala mbele ya watu wote, akaomba tena. Ma Adventina ndiye aliyempakulia. Nilimsikia akimwambia, "Kasinge, Ta," ndiyo shukrani yetu kwa mkubwa. Mzee alijibu kwamba maharage yana chumvi kidogo.

Baada ya hapo jambo lilisambaa lenyewe, bila ofisi. Wazee wa koo nyingine walisikia kwamba Ta Projestus amekula maharage msibani na hajafa kwa aibu, wakaanza kufanya hivyo hivyo, na akina mama wakaendelea kuwekeshana mbuzi. Yeye mwenyewe alinijia siku moja kuniomba jike. Nilimtuma akapande majani kwanza. Alinung'unika sana, akapanda.

Watoto wa Sperancia walihamia kwa Ma Adventina, kwa hiyo walilala mahali mbuzi wao walipolala. Majike yalizaa salama. Nilimhasi dume mmoja mwenyewe, na watoto wakamkatia majani mpaka akawa na mgongo mpana. Pasaka iliyofuata baada ya kukomaa kwake, Ma Adventina alituita. Ta Projestus alichinja, maana hakuna aliyekuwa na mkono mzuri kama wake, akagawa sehemu bila kujipendelea, jambo ambalo nililishuhudia kwa macho yangu. Ma Adventina alibariki chakula kwa sala ndefu. Sufuria ilipofunuliwa, harufu ikajaa uani, na mtoto wa mwisho wa Sperancia, ambaye alikuwa ameanza kusema vizuri tu, alikuja akamshika Ta Projestus suruali.

"Tata," akauliza, "nani amekufa?"

Hatukuelewa mara moja. Kisha tukaelewa kwamba katika maisha yake yote mafupi hajawahi kuona nyama ikipikwa ila mahali watu wanapolia. Ma Adventina aligeuza uso.

Ta Projestus alimwinua mtoto, akamkalisha gotini. Akachagua kwenye sahani yake kipande laini, akakipuliza kipoe.

"Hakuna aliyekufa, mwanangu," akamwambia. "Hii ni yenu tu. Kula."